Salamu kwa Coleta

Pito, Sumbawanga
8 Februari 1993

Dada Luciana,

Shikamoo. Anayekuandikia ni mtu mwenye bahati kuliko wote kuanzia Tunduma mpaka Mpanda, kwa hiyo kama umesimama, kaa.

Siku hizi kila kitu ruksa, nami ruksa nimeipokea kwa mikono miwili. Kibanda changu cha mitumba pale Majengo kinasimamisha watu njiani. Nimefungua belo la masweta, na kwa baridi hii ya Ufipa nani atakaa kubishana bei? Wananiita Bosi. Hata walimu wananiita Bosi, na wewe unajua kwamba darasa la saba nililimaliza kwa kupitia dirishani.

Huku tu wazima. Mahindi yamesimama vizuri, barabara ya Tunduma imekuwa uji, barua hii ikifika mshukuru dereva na malaika wake.

Mama mwilini hajambo. Kichwani ndiko anakopotea kidogo kidogo. Ananiita Sebastiani, na mjomba Sebastiani tulimzika Milepa wewe ukiwa hujaolewa. Kijiko anakificha mwenyewe, halafu anakitafuta, halafu anasema nyumba ina mwizi. Juzi alitia chumvi kwenye chai, akaonja, akanitazama, akasema chai imeharibika tangu biashara iachiwe wahuni.

Lakini usihangaike, na hapa ndipo bahati yangu inapozidi. Nimepata msichana wa kumtunza, Coleta, wa huku huku Pito. Mikono ya kazi, mdomo mfupi. Moyoni nimeshamposa, bado kumwambia tu. Yeye ndiye anapika uji, anamsuka Mama, anamwogesha jikoni karibu na moto. Maji Mama anayataka vuguvugu: yakizidi anapiga kelele, yakipungua hafungui hata kitenge. Mimi narudi jioni kama bwana mkubwa, nasalimia, nakula, nalala.

Coleta anaomba nikuulize, maana amesikia wewe ni mwalimu. Mtu akikuuliza jambo lile lile tangu kunakucha mpaka ng'ombe wanarudi, unamjibuje bila kwenda kujitupa kisimani? Ni Coleta anauliza, si mimi.

Wasalimie shemeji Victor na wajomba zangu, hao wanao.

Mdogo wako mwenye bahati,
Zenon


Morogoro
3 Machi 1993

Mdogo wangu Zenon,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa, na kwenye kona ina tone la uji wa ulezi lililokauka. Nilijua ni yako kabla sijasoma jina. Tangu lini mabosi wanaandikia barua jikoni?

Sisi hatujambo. Watoto wanakua, viatu vinabaki nyuma. Victor yupo nyumbani, anapumzika.

Habari za Mama zimenikalisha kweli. Nikaenda kumwona Sista Zita. Huyu ni mtawa wa hospitali ya misheni hapa. Kila Jumamosi anawakusanya watu wanaotunza wazee wao waliopotewa na kumbukumbu. Tunakaa kwenye mabenchi, hakuna anayelipwa hata mmoja, si kwa kuja pale wala kwa kazi anayoifanya nyumbani. Nilikwenda nikidhani nina neno la kipekee la kueleza. Nilipoanza kusema habari ya vijiko na mwizi, benchi zima likacheka. Kila nyumba ina vijiko vyake.

Sasa mwambie Coleta hivi. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Si laana, si uzee tu, wala Mama hafanyi makusudi. Dawa ya kuuondoa hakuna, lakini kuna namna ya kukaa nao. Akiuliza, jibu kama ndiyo mara ya kwanza, maana kwake ndiyo mara ya kwanza. Usibishane naye. Akikwambia wewe ni Sebastiani, kuwa Sebastiani kidogo, halafu mpe kazi ambayo mikono yake inaijua. Sista anasema mikono inakumbuka baada ya kichwa kusahau.

Na huyo Coleta aniandikie mwenyewe. Kuna mambo ya kuogesha na nguo za ndani ambayo wanawake huelezana bila kupitia kwa mwenye duka.

Msalimie sana. Ana jina zuri.

Dada yako,
Luciana


Pito
29 Machi 1993

Dada Luciana,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpelekee Sista Zita. Sisi wazima, isipokuwa Coleta, ambaye amejitwanga kidole kwenye kinu. Kidole cha kuandikia. Kimevimba kama ndizi, kwa hiyo ananiambia maneno na mimi naandika. Anasema amefurahi jina lake kusifiwa.

Shemeji anapumzika tangu lini? Mtu yule hata siku ya harusi yake alitaka kwenda zamu kiwandani.

Mashauri yako tumeyafuata, na mimi ndiye niliyeumia. Nimekuwa Sebastiani. Basi Mama akafurahi sana, akanikalisha kwenye kigoda, akanigombeza habari ya jogoo niliyemwiba kwa baba yao kabla ya mimi Zenon kuzaliwa. Niliomba radhi. Akanisamehe. Nikaenda kuteka maji, niliporudi akaniona Sebastiani mpya kabisa, na jogoo akaibiwa upya. Dada, yule jogoo nimemwiba mpaka namwonea huruma. Kama Sista ana njia ya kufufua kuku, alete.

Mikono inakumbuka, hilo ni kweli. Alfajiri moja tukaamka kitanda chake kikiwa tupu na jembe halipo. Tulimtafuta mpaka ng'ambo ya mto. Unajua nilimkuta wapi? Kwa Limbu, yule Msukuma mwenye ng'ombe aliyehamia upande wa juu wa makaburi. Mama yuko kando ya zizi lake anapiga ntumba. Matuta ya duara mazuri, majani yamefukiwa ndani kama alivyotufundisha tukiwa wadogo, mstari umenyooka kuliko maandishi yangu. Limbu kasimama na fimbo yake, mdomo wazi. Akaniambia, "Bosi, mama yako kanilimia bure, na mbolea yangu kaitumia yote. Nimlipe au nimshtaki?" Nikamwambia alipe. Akaleta maziwa kwenye kibuyu, Mama akanywa, akamwambia, "Sebastiani, umenenepa." Kwa hiyo sasa tuko Sebastiani wawili, na yule mnene si mimi.

Limbu alicheka. Wengine hawakucheka. Mama amepita miji ya majirani wengine pia alfajiri, anasimama uani kwa watu, anaangalia mlango. Wameanza kuulizana bibi anatafuta nini uani kwa watu wakati wamelala. Unajua neno linalofuata. Wewe umezaliwa huku. Neno hilo likishamtoka mtu juu ya bibi kizee, halirudi mdomoni.

Tuyaache hayo. Paa la jikoni linavuja kwenye pembe ya mashariki, na boriti ya tatu imeliwa na mchwa mpaka katikati. Nitairekebisha nikipata nafasi, biashara imenibana.

Coleta anauliza: mtu anayetunza akikasirika, akapiga kelele, halafu mgonjwa akalia na dakika hiyo hiyo akasahau kilichomliza, ile dhambi inabaki kwa nani?

Mdogo wako,
Zenon


Morogoro
21 Aprili 1993

Zenon mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka habari ya jogoo mpaka watoto wakaja kuniangalia. Kisha nikafika kwa wale wanaoulizana, nikaacha kucheka.

Victor hajambo. Anajifunza kupika. Usiniulize zaidi.

Kwanza la Coleta. Nilimpelekea Sista Zita swali lake nikalisoma mbele ya benchi. Mzee mmoja anayemtunza mke wake akasema, "Mimi jana." Mama mmoja akasema, "Mimi leo asubuhi." Sista akasema hasira ya mtunzaji ni kama kengele ya kanisani: haikugombezi, inakuita, inakwambia umekaa peke yako mno. Ukiisikia toka nje, pumua, rudi. Na tafuta mtu wa kukupokea, kwa sababu mtunzaji naye huanguka, na akianguka wanakuwa wagonjwa wawili. Mwambie Coleta hivyo hivyo. Mwambie alale.

La pili halitaki mzaha. Usiwaachie watu walijaze lile neno wenyewe. Nenda kwa Urbano, mwenyekiti wa jumuiya, mkisali nyumba kwa nyumba simama useme kwa sauti: Mama yangu anaumwa, ugonjwa wake ni wa kusahau, akisimama uani kwako hakutafuti wewe, anatafuta nyumbani. Mshike mkono, mpe kigoda, niite. Sema wewe, kwa mdomo wako, maana wa Coleta ni mfupi.

Halafu jambo dogo. Mtu anayeshinda Majengo na kurudi jioni kula na kulala, amepata wapi muda wa kuhesabu boriti za paa la jikoni?

Kidole cha Coleta kimepona?

Luciana


Pito
16 Mei 1993

Dada,

Shikamoo. Kidole kimepona, lakini sasa Coleta amekwenda kwenye msiba wa shangazi yake. Ana mashangazi wengi sana, watu wa kwao wanazaliana. Paa nililiona siku moja nimelala chali nikifikiria biashara.

Sasa shika kikombe chako vizuri, nina hadithi.

Nilikwenda kwenye jumuiya, nikasimama. Nilipofika "Mama yangu anaumwa," nikakwepa, nikatia utani wa jogoo. Walicheka, wakaenda zao, na alfajiri iliyofuata mwanamke mmoja akamwagia maji njia aliyopita Mama, kuzisafisha nyayo zake. Utani wangu, dada, mwaka huu umeniangusha.

Ndipo Mama mwenyewe akaamua. Akasema wageni wanakuja kutoka Milepa na hakuna pombe, aibu gani hii, Sebastiani, utoe ulezi ghalani. Nikakumbuka ya Sista, usibishane. Nikatoa ulezi. Nikasema nitampa kidogo achezee. Weee! Mtu ambaye hajui mlango wa chooni uko wapi aliloweka ulezi, akaufunika, ulipochipua akajua, akauanika, akausaga, na mimi nikikosea kuchochea moto ananipiga kwa mwiko. Aliimba. Jina langu halijui, lakini pombe aliijua neno kwa neno.

Pombe ikiiva Ufipa haihitaji kadi. Harufu iliwaleta. Wakaja, wakasimama uani, Urbano mbele, mkewe Hellena nyuma yake, na wengine. Wamesimama tu. Chungu kinatoa povu, kata inaelea, hakuna anayenyoosha mkono. Nikaelewa kwa nini, na wao wakaelewa kwamba nimeelewa. Sikuwa na utani hata mmoja.

Mama akatoka ndani na kitenge chake cha kanisani. Akawaona watu. Akachukua kata, akachota, na mbele ya macho yao akanywa yeye kwanza, akameza, akafungua mdomo kidogo waone, kama ilivyo desturi ya mwenye pombe kuwaondolea wageni wasiwasi. Kisha akampa Urbano. Urbano angefanya nini? Desturi imetimia mbele yake. Akapokea, akanywa.

Mama akageuka kwa Hellena, na hapo katikati akasahau. Akachota, akaonja yeye kwanza, akameza, akamfungulia mdomo, akampa. Akaenda kwa mwingine, akasahau, akaonja. Kila mgeni akaonjewa yake, kwa heshima zote, kama ndiye wa kwanza kuja. Ilipofika kwa Limbu, Mama ameshaanza kuyumba, na Limbu akasema kwa sauti, "Mama, utatuonjea mpaka chungu kiishe! Mchawi gani huyu anayejilewesha mwenyewe?"

Neno lenyewe, dada. Alilitoa kweupe. Hellena akawa wa kwanza kucheka, wakacheka wote, na Mama akacheka zaidi yao bila kujua wanacheka nini.

Nikasimama nikasema. Safari hii bila jogoo. Nikasema ni ugonjwa, hakutafuti wewe, anatafuta nyumbani. Urbano akaniuliza maswali ya maana, kama unaambukiza, na unaanzaje. Ya kwanza nilijibu, ya pili nikasema nitamwuliza dada. Wanawake wakasema wao kwa wao kwamba watakuwa wanakuja kukaa naye, kuchambua maharage na kumsindikiza akitaka kutembea. Limbu amesema zizini kwake Mama analima atakavyo.

Hellena akauliza, "Na kuogesha anamwogesha nani?"

Nikasema Coleta.

Wote wakatazama chini. Sijui kwa nini. Labda palikuwa na siafu.

Zenon


Morogoro
2 Juni 1993

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako nimeisoma kwenye benchi la Jumamosi. Sista Zita alifuta miwani. Anasema pombe si sehemu ya mafundisho yake, lakini hatabishana na mgonjwa.

Nami nina langu, na nimechoka kulizunguka. Victor hapumziki. Kiwanda kimeuzwa, waliopunguzwa ni wengi, yeye yumo tangu mwaka jana. Asubuhi kabla ya shule nakaanga maandazi, yeye anayauza stendi. Sikukuambia kwa sababu kule nyumbani wewe ulikuwa na bahati tupu, na mimi ndiye mkubwa. Niliona haya. Kumbe haya yenyewe ndiyo yaliyonichelewesha kuja kumwona Mama. Sasa basi. Shule zikifungwa nakuja, nakaa likizo nzima. Nauli tumeipata. Victor atabaki na watoto. Amekwisha kujua ugali, bado mchuzi.

Sehemu inayofuata si yako. Usiisome. Mpe Coleta.

Coleta mpendwa, hatujaonana, lakini nakujua. Najua unapasha maji na kuyajaribu kwa kiwiko. Najua wakati wa kumwogesha unaangalia juu, mpaka umezijua boriti zote, kwa sababu unaona aibu, na hakuna aliyekufundisha, na huna wa kumwuliza. Naomba nikwambie kitu. Mama alipomwogesha Zenon alikuwa mtoto mchafu kuliko watoto wote wa Pito, na Mama hakuangalia paa. Alimwangalia yeye. Mfunike kwa kitenge, osha sehemu kwa sehemu, ongea naye kwa sauti ya chini, mwambie unachofanya. Si aibu kwake, wala si aibu kwako, hata watu wakisema hii si kazi ya mtu kama wewe. Wakikuletea msaada, pokea. Nikifika, nitakuogeshea mimi, wewe ulale mpaka jua liwe juu.

Usimwambie Zenon kwamba nimelia.

Luciana


Pito
14 Juni 1993

Dada Luciana,

Shikamoo. Barua hii nimempa kondakta wa basi aikimbize, ikukute kabla hujafunga begi. Beba koti, baridi ya mwaka huu inauma kama shemeji wa kike. Mwambie Victor anayeuza maandazi stendi ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hapumziki, yuko ruksa. Nampa pole na ninampa mkono.

Mama hajambo. Jana alimkataza Limbu kuoa mke mwingine kabla hajalipa jogoo.

Sehemu ya Coleta sikuisoma, kama ulivyoagiza. Sikuisoma nikiwa nimesimama. Nikakaa karibu na moto, sikuisoma tena. Mama akaniona. Akauliza, "Sebastiani, nani amekufa?" Nikasema hakuna. Akanifuta uso kwa pembe ya kitenge, akaenda zake. Kidogo akarudi, akaniona, akauliza nani amekufa, akanifuta upya.

Sasa sikiliza, maana ukishuka Majengo utaulizia kibanda cha Bosi, na watu watakucheka, na sitaki wakucheke wewe. Kibanda hakipo. Nilikifunga kabla ya Noeli, siku Mama alipotoka peke yake nikamkuta karibu na barabara ya malori. Yale masweta anayavaa yeye, moja juu ya jingine. Anayeniita Bosi ni Limbu, na ananitania.

Coleta ni mtu kweli, lakini alikaa kwetu asubuhi moja tu. Mama alimwita mwizi wa vijiko mbele ya watu, akaondoka, na ameshaolewa Milepa. Nilikuandikia yupo kwa sababu ungeacha kazi ukaja, na kwa sababu sikujua mtoto wa kiume anaandikaje kwamba anamwogesha mama yake. Anayemwogesha ni mimi. Anayepiga kelele ni mimi. Hellena alijua, wote walijua. Ndiyo maana walitazama chini. Leo nimemwambia Hellena aje Jumanne anisaidie, akaniambia, "Tulikuwa tunasubiri useme."

Mimi sina bahati, dada. Ile barua ya kwanza ilikuwa uongo mtupu. Nimechoka. Njoo.

Zenon